Besi wa mwanzo wa machipuko: kinachoendelea chini ya maji Februari na Machi

Kila Februari inapokaribia kuisha, sisi tunaoishi Texas huanza kuona picha za aina moja zikizunguka kwenye simu: mtu kavaa koti zito, nyuma yake maji ya kijivu na miti isiyo na majani, mikononi kashika samaki mkubwa aliyefura tumbo. Picha hizo huzaa maswali. Samaki huyo katoka wapi kwenye baridi yote hii? Mbona fulani alishinda ufukweni kutwa nzima na chambo chake hakikuguswa? Na swali zito kuliko yote, ambalo nimelisikia hasa kwa ndugu waliotoka Kigoma, Uvira na Bujumbura: kama yule samaki ana mayai, mbona ziwa halifungwi?

Majibu yapo, ila husemwa vipande vipande, na katikati yake mmejaa mambo ya kusikia tu. Nitayapanga kwa kutumia ziwa moja, Sam Rayburn la mashariki mwa Texas. Ni kubwa, linasifika kwa samaki huyu, na ukielewa yanayotokea pale utaelewa pia ya maziwa mengine mengi.

Tuanze na majina. Samaki tunayemzungumzia ni besi, hasa yule wa mdomo mpana. Mgongo wake ni wa kijani iliyokolea, ubavuni ana mstari mweusi uliokatikakatika, na kinywa chake kikubwa mno: akiufunga mdomo, ncha ya taya hupita nyuma ya jicho. Ni mwindaji. Hula samaki wadogo, vyura, na wale kamba wa mtoni wenye magando. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, ingawa Wakenya wengi wamemla nyumbani, kwani alipandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1929. Karibu na ikweta, besi wa Naivasha hana majira ya baridi ya kumpangia ratiba. Wa Texas anayo, na ratiba hiyo ndiyo habari yetu.

Rayburn si ziwa la asili. Ni bwawa lililotokea baada ya kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kuuziba Mto Angelina. Kazi ilikamilika mwaka 1965, na likapewa jina la spika wa bunge aliyekuwa amefariki mwaka 1961. Maji yake yameenea zaidi ya kilomita za mraba 450. Msomaji ashike jambo moja hapa: bonde la mto wa zamani halikupotea. Bado limo chini ya maji, pamoja na vijito vilivyokuwa vikiumwagia mto huo, kingo zake na visiki vya msitu uliozama. Mtu wa juu anaona maji matupu yaliyotanda. Samaki wa chini anaishi katika nchi yenye njia, vilima na mabonde.

Neno la mwisho la kuliweka sawa ni lenyewe "mwanzo wa machipuko". Kwenye kalenda ya Marekani machipuko huanza karibu na tarehe 20 Machi. Wavuvi wa besi hawaitazami tarehe hiyo. Kwao mwanzo wa machipuko ni kile kipindi ambacho maji yanatoka kwenye ubaridi wa kama nyuzi joto 10 za Selsiasi na kupanda kuelekea 16. Pale Rayburn hali hiyo kwa kawaida huangukia kati ya Februari na katikati ya Machi. Mwaka wenye baridi kali huchelewa, mwaka wa joto huwahi. Huko Minnesota, Februari hiyohiyo, watu wanaendesha magari juu ya barafu.

Mwili unaotawaliwa na maji

Besi hana uwezo wa kutengeneza joto lake mwenyewe. Maji yakiwa na nyuzi 9, naye mwilini ana nyuzi 9. Moyo unapunguza mwendo, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na misuli haina haraka. Ndiyo maana nasema si kweli kwamba samaki huyu "hulala" msimu wa baridi. Halali. Anakula kidogo kwa sababu anahitaji kidogo, na hafukuzi mbali kwa sababu kufukuza kunamgharimu nguvu ambazo hatazirudisha haraka. Chambo kikipita polepole mbele ya uso wake atakimeza hata Januari.

Ndani ya jike kuna kazi nyingine inayoendelea. Mayai yalianza kukua tangu mapukutiko ya mwaka uliopita. Siku zinaporefuka baada ya Desemba, mwili wake unapokea ishara kwamba wakati unakaribia. Urefu wa mchana humwandaa. Joto la maji ndilo linaloamua lini hasa. Basi kufikia Februari jike mkubwa anabeba mzigo unaokua kila wiki, na mzigo huo unahitaji chakula. Picha za wale samaki wenye matumbo makubwa zinatoka hapo. Mara nyingi samaki huyo hajavimba kwa kushiba peke yake, amejaa mayai.

Hapa kuna dhana potofu ambayo nimekutana nayo hata kwa wavuvi wazoefu: kwamba besi mkubwa kuliko wote ni dume, jogoo wa ziwa. Ni kinyume. Madume kwa kawaida hubaki wadogo, mara chache yanazidi kilo mbili au mbili na nusu. Yule wa kilo nne, tano, sita ni jike karibu kila mara, tena jike aliyeishi miaka mingi. Mwenye kulielewa hili atayatazama tofauti mambo yote yanayofuata.

Kwa nini wasogee kwenye maji mafupi

Weka jikoni sufuria kubwa iliyojaa maji na kikombe kimoja cha maji, vyote juu ya moto wa aina moja. Kikombe kitapata joto zamani, sufuria bado baridi. Ziwa kubwa lina sufuria na vikombe ndani yake. Eneo la katikati lenye kina ni sufuria. Vihori vilivyojikunja pembeni, vyenye maji ya kufika magotini au kiunoni, ni vikombe. Jua la siku tatu mfululizo la Februari linaweza kuongeza nyuzi kadhaa kwenye kihori, wakati katikati ya ziwa hakuna kilichobadilika.

Ila vihori havifanani. Vile vya upande wa kaskazini wa ziwa huwahi kupata joto, kwa sababu mbili. Upepo wa baridi wa Texas hutoka kaskazini, na ukingo wa upande huo unavikinga. Pia jua la Februari linapita chini upande wa kusini, kwa hiyo miale inafika moja kwa moja kwenye ukingo unaolitazama. Maji yenye rangi ya udongo kidogo nayo hunyonya joto kuliko maji maangavu. Mvua ya vuguvugu ikinyesha usiku na vijito vikamwaga maji yake kihorini, mabadiliko yanaweza kuonekana kesho yake.

Jike mwenye mayai anavutwa na joto hilo, na anavutwa pia na chakula, maana samaki wadogo na kamba wa magando nao wanaamka huko. Lakini haruki kutoka kilindini hadi ufukweni kwa siku moja. Anafuata njia. Zile kingo za vijito vya zamani vilivyozama ndizo barabara zake: anapanda hadi mahali ambapo kijito kinapinda, anasimama. Anasogea hadi kwenye ncha ya ardhi inayoingia majini, anasimama tena. Anafika kwenye ukingo wa nje wa magugu maji, pale yanapokoma na kina kinapoanza, na hapo anaweza kukaa siku nyingi akila, akisubiri maji ya ndani zaidi yafae. Kwa maoni yangu vituo hivi ndivyo siri kubwa ya msimu huu, na ndivyo vinavyopuuzwa kuliko kitu kingine chochote.

Sasa tunaweza kumjibu yule aliyeshinda ufukweni bila kuguswa. Mara nyingi alifika mahali pazuri wiki mbili mapema mno, au alisimama kwenye ukingo usio na njia yoyote ya chini ya maji inayofika pale. Ufuo wa mchanga ulionyooka, wenye maegesho mazuri na meza za kulia, unapendeza kwa watu; samaki wa Februari hana sababu ya kuufuata. Anayevua kutoka nchi kavu atafute mahali ambapo kina kirefu kinakaribia ukingo: darajani, penye tuta la mawe, kwenye mdomo wa kihori. Pale Rayburn barabara zinakatiza vijito kwenye madaraja kadhaa, na maji ya chini yake yana besi wanaopita kwenda na kurudi. Aangalie tu vibao, kwani si kila daraja linaruhusu mtu kusimama.

Kosa jingine ni la saa. Tumelelewa tukijua mvuvi ni mtu wa alfajiri au wa usiku. Dagaa na migebuka ya Tanganyika huvuliwa kwa taa gizani, na hata hapa Texas, Julai, alfajiri ndiyo saa ya besi. Mwezi Februari mambo yanageuka. Alfajiri ndiyo saa ambayo maji mafupi yana baridi kuliko saa zote, kwa sababu yamepoteza joto usiku kucha. Saa nane hadi saa kumi na moja jioni, jua likiwa limefanya kazi yake, kihori kilichokuwa kimya asubuhi kinaweza kuwa na samaki wanaokula. Lala, kunywa chai, nenda mchana.

Chambo chekundu cha Rayburn

Sitakaa sana kwenye vifaa, kwa kuwa maduka yanajua kuvisifu yenyewe. Ila kipo kimoja chenye maelezo ya kufundisha. Kwenye ziwa hili, mwanzoni mwa mwaka, wavuvi wengi hutupa chambo bandia bapa chenye gololi ndani, kinachotetemeka na kulia kikivutwa, na rangi wanayoipenda ni nyekundu ya kuiva. Wanakirusha juu ya magugu maji yaliyobaki kutoka kiangazi, wanakiacha kinase kidogo kwenye majani, kisha wanakichomoa kwa mkupuo. Kikichomoka, besi aliyekuwa amejificha hukirukia.

Nyekundu inatoka wapi? Kutoka kwa kamba wa magando, ambao msimu huu wanaanza kutoka mashimoni na wengi wao wana rangi ya wekundu. Na ule mchomoko wa ghafla unafanana na kiumbe anayekimbia, kitu ambacho mwindaji hukijibu kabla ya kupima kama ana njaa. Katika maji yenye matope sauti ya gololi humsaidia samaki kukitambua chambo asichokiona vizuri.

Maji yakiwa na nyuzi 10 au 11, kupunguza mwendo ni bora kuliko kubadili rangi. Minyoo ya plastiki iliyofungiwa chubwi, ikaburutwa polepole sakafuni, itavua siku ambazo chambo cha kelele hakigusi kitu.

Upepo wa kaskazini, mizani ya hewa, na mwezi mpevu

Kila mvuvi wa hapa ana hadithi ya siku tatu tamu zilizoharibiwa na wimbi la baridi kutoka kaskazini. Hadithi hizo ni za kweli. Wimbi likipita, mbingu inakuwa buluu tupu, upepo unakata, na samaki waliokuwa wakishambulia jana wananuna. Maelezo yanayotolewa ndiyo yana kasoro. Wengi husema kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, imepanda na "inambana" samaki.

Tufanye hesabu ndogo. Wimbi kali la baridi linaweza kupandisha kanieneo kwa hektopaskali 20 hivi (hektopaskali ni kipimo cha kanieneo). Majini, kila sentimita moja ya kina huongeza karibu hektopaskali moja. Maana yake mabadiliko yote ya hewa yale ni sawa na samaki kushuka sentimita 20, urefu usiozidi kiganja kilichonyooshwa. Besi anafanya hivyo mara nyingi kwa saa moja bila kubanwa na chochote. Kinachomfanya anune kina uwezekano mkubwa zaidi kuwa vitu vingine vinavyokuja na wimbi hilohilo: kihori kimepoteza joto kilicholipata, jua kali bila wingu limemwondolea kivuli, na maji yaliyotulia baada ya upepo kukata yamemfunua. Kwa kawaida haondoki eneo lile. Anajisogeza kwenye kisiki au anazama ndani ya magugu, na anakula kile tu kilicho karibu naye sana. Mvuvi anayelielewa hili harudi nyumbani. Anasogea karibu zaidi na maficho na kupunguza mwendo.

Mwezi mpevu ni jambo gumu zaidi kulisema. Wavuvi wengi wanaapa kwamba wimbi kubwa la kutaga hutokea karibu na mbalamwezi ya Machi. Mwezi kweli una athari kwa viumbe wengi wa majini, wa bahari hasa. Kwa besi, joto la maji na urefu wa mchana vina ushahidi wa kutosha; mwezi una ushuhuda wa wavuvi zaidi kuliko vipimo. Mbalamwezi ikikuta maji ya nyuzi 11, hakuna atakayetaga kwa ajili yake.

Pia besi wa ziwa zima hawatagi siku moja. Huja kwa mafungu, kuanzia vihori vya kaskazini vilivyowahi joto hadi maeneo ya chini karibu na ukuta wa bwawa, na kazi nzima huchukua wiki nyingi. Wiki ya kwanza ya Machi unaweza kumkuta mmoja kilindini bado na mwili wa majira ya baridi, mwingine yuko kwenye kituo cha ukingo wa magugu, na mwingine tayari yuko kwenye kiota. Wavuvi watatu wakirudi na taarifa zinazopingana, wote wanaweza kuwa wamesema kweli.

Kiotani

Maji yakifika nyuzi 16 na kuendelea, dume ndiye anayetangulia. Anachagua mahali pagumu, penye changarawe au mizizi, kwenye kina ambacho mara nyingi hakizidi mita mbili, na anapafagia kwa mkia mpaka pabaki duara safi. Jike anakuja, anataga, anaondoka. Anaweza kutaga maelfu mengi ya mayai, na si lazima yote kwenye kiota kimoja. Dume anabaki. Anapepea mayai kwa mapezi yake yasifunikwe na tope, na anamfukuza kila anayekaribia. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, lakini haondoki; anawalinda vifaranga kwa muda baada ya hapo, na muda wote huo hali chakula cha maana.

Kwa sababu anafukuza kila kitu, ni rahisi kumnasa. Hagongi chambo kwa njaa, anakiondoa nyumbani kwake. Watafiti wa Ontario, Kanada, wakiwemo wale wa Ziwa Opinicon, waliwafuatilia madume ya namna hii kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba dume akitolewa kiotani, hata kwa dakika chache, samaki wadogo wanaosubiri pembeni huvamia na kula mayai. Akirudi akakuta kiota kimeporwa sana, huweza kukitelekeza kabisa. Katika Ziwa Erie hali ni mbaya zaidi kwa besi wa mdomo mdogo, kwa kuwa kuna gobi, samaki mdogo aliyeingia kutoka Ulaya, na huingia kiotani dume akitolewa tu.

Mimi nasimama upande wa kuwaacha. Mwanzo wa machipuko una samaki wa kutosha walio njiani, wanaokula kwa hiari. Ukiona duara jeupe kwenye maji mafupi na samaki juu yake, pita mbali. Wapo wanaoona nazidisha, na Texas inaruhusu kisheria. Naheshimu sheria, lakini nikimwona baba anayelinda watoto wake siwezi kumwekea ndoana.

Mbona ziwa halifungwi?

Hili swali linastahili jibu la heshima, kwa sababu wanaouliza wanajua wanachokisema. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumzike na kuzaliana. Familia nyingi ziliumia, na wengi waliitikia kwa sababu walishaona dagaa na migebuka wakipungua. Sasa mtu aliyepitia hayo anafika Texas, anakuta boti zenye injini kubwa zikimkimbilia samaki mwenye mayai, na hakuna anayemzuia.

Tofauti ya kwanza ni aina ya uvuvi. Tanganyika inalisha mamilioni ya watu kwa nyavu. Nyavu hazichagui samaki, na kinachotolewa kwa usiku mmoja hupimwa kwa tani. Rayburn, besi anavuliwa kwa ndoana tu. Ni marufuku kumnasa kwa nyavu, na ni marufuku kumuuza. Mtu mmoja haruhusiwi kubaki na zaidi ya besi 5 kwa siku, na kila mmoja lazima afike inchi 14, karibu sentimita 36. Zaidi ya hapo, wavuvi wengi sana wa besi humrudisha samaki majini kwa hiari. Serikali imeweka kizuizi kwenye ndoana, kwenye idadi na kwenye soko, ikaacha kalenda wazi.

Tofauti ya pili ni ya kibaiolojia. Katika bwawa kubwa lenye joto, msimu wa kukua ni mrefu, na idadi ya besi wa miaka ijayo huamuliwa zaidi na chakula na maficho ya vifaranga kuliko na wingi wa mayai. Kaskazini, kiangazi ni kifupi, na kiota kilichoharibika Juni hakina muda wa kufidiwa. Ndiyo maana majimbo na mikoa ya baridi ina sheria kali zaidi. Wataalamu wenyewe bado wanabishana mpaka upite wapi, na sioni aibu kusema mvuvi wa Kigoma ana hoja ambayo wavuvi wa hapa wangefaidika kuisikia.

Kuna mpango wa Texas ambao unaonyesha jinsi wanavyolifikiria jambo hili. Unaitwa ShareLunker, na ulianza mwaka 1986. Anayemvua besi wa ratili 13 au zaidi, yaani karibu kilo 5.9, kati ya tarehe 1 Januari na 31 Machi, anaweza kuipigia simu idara ya wanyamapori ya jimbo. Wanakuja na gari lenye tangi, wanampeleka jike huyo kwenye kituo cha samaki mjini Athens, anataga huko, vifaranga wanapandwa maziwani, na mama anarudishwa ziwani. Rekodi ya jimbo, ratili 18.18, iliwekwa Januari 1992 Ziwa Fork na Barry St. Clair, ambaye siku hiyo alikuwa akitafuta samaki wa aina nyingine. Besi wengi wakubwa wa Texas wana damu ya Florida, waliokuja kupandwa tangu miaka ya 1970 kwa kuwa hukua zaidi.

Ukimrudisha samaki, mrudishe apone. Lowesha mikono kabla ya kumshika ili usimwondolee ule utelezi unaomkinga na maradhi. Samaki mzito usimning'inize kwa taya peke yake; weka mkono wa pili chini ya tumbo. Piga picha upesi. Maneno kwamba "ukimrudisha atakufa tu" si ya kweli kwa samaki aliyenaswa mdomoni na kushikwa kwa uangalifu kwenye maji ya baridi. Wengi mno huishi. Hatari hupanda ndoana ikimezwa hadi kooni, au maji yakiwa ya moto kama ya Agosti.

Na ukitaka kumla? Ni haki yako, nyama yake ni nyeupe na tamu. Ila kuna tahadhari ambayo haijawafikia watu wetu wa kutosha. Idara ya afya ya Texas imetoa onyo la zebaki kwa samaki wa maziwa kadhaa ya mashariki, Rayburn likiwemo, na besi ni miongoni mwao. Zebaki hujikusanya kadiri mwindaji anavyozeeka na kuwala wengine, na haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Wanaohusika zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Soma onyo hilo kabla ya kupeleka samaki nyumbani kila wiki, na kama unabaki na wa kula, chukua aliyepita kidogo tu inchi 14, umwache yule bibi wa kilo nne.

Kuhusu leseni, nimesikia watu wakiogopa kwamba ni ya raia tu. Si hivyo. Aliyeishi Texas zaidi ya miezi sita mfululizo hulipa bei ya mkaazi, na walio chini ya miaka 17 hawahitaji leseni. Ndani ya hifadhi za jimbo, mfano Martin Dies Jr. kwenye Ziwa Steinhagen jirani na Rayburn, unaweza kuvua kutoka ukingoni bila leseni. Kwenye boti, kila mtu awe na koti la kuokolea, na mtoto wa chini ya miaka 13 alivae boti ikiwa safarini. Nami nasema hata mtu mzima alivae. Maji ya nyuzi 12 huishinda mikono na miguu kwa dakika chache, hata kwa mwogeleaji hodari wa pwani.

Ndugu walioko kaskazini wasogeze kila nilichokisema mbele kwa miezi miwili au zaidi. Huko barafu inaweza kubaki hadi Aprili, na besi wanataga Mei na Juni. Michigan, tangu mwaka 2015, unaruhusiwa kumvua besi mwaka mzima kwa sharti la kumrudisha hapohapo. Kubaki naye ni kuanzia Jumamosi iliyo kabla ya sikukuu ya Memorial Day mwishoni mwa Mei, na kwa Ziwa St. Clair ni kuanzia Jumamosi ya tatu ya Juni. Sheria hubadilika, kwa hiyo fungua kitabu cha mwaka huu cha jimbo lako kabla ya kufunga ndoana.